Je, Wajua? Mtemi bila bandari aliyefunga njia ya pembe

Mwaka 1871, Mirambo wa Unyamwezi aliziba barabara iliyopeleka pembe za ndovu za Manyema, mashariki mwa Kongo, hadi pwani. Hakuwa na bandari wala mgodi. Alikuwa na vijana.

Vijana hao, wapiganaji walioitwa warugaruga, hawakungoja mshahara; ujira wao ulikuwa nyara. Mchezaji wa mchezo wa kompyuta *Rome: Total War* mwenye mikuki mingi na sarafu chache anaijua hesabu hiyo: vita vikisimama, hazina hukauka.

Agosti mwaka huohuo, Waarabu wa Tabora, wakisaidiwa na mwandishi wa habari Stanley na watu wake, waliiteka ngome ya Mirambo ya Wilyankuru. Mirambo akawaacha wabebe pembe na mateka. Walipokuwa njiani kurudi, mabega yamelemewa, watu wake wakachomoka kwenye nyasi ndefu. Huo ni ustadi wa hali ya juu! Barabara ikabaki imefungwa, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Mwaka 1876, Stanley na Mirambo walichanjiana damu, wakawa ndugu.

Kongo nayo ilimpata Mnyamwezi wake: Msiri. Alifika Katanga na wafuasi wachache wenye bunduki, akajenga dola lenye makao Bunkeya, juu ya nchi ya shaba. Aliuawa Desemba 1891.