Fundi Mbunifu Naye Apelekwe Mkutanoni



Barua ya mwaliko wa mkutano ikifika kiwandani huishia mezani kwa meneja. Huenda yeye, au karani wake wa mauzo, na kurudi na mkoba mpya na picha. Lakini yule anayechora kiti, au anayepima na kukata nguo kabla ya cherehani kuanza, habari huzisikia kwa mbali. Chama hakina budi kulishika jambo hili.

Msidhani mikutano ya wabunifu ni anasa ya Ulaya. Januari 1979 wabunifu wa viwanda walikutana Ahmedabad, India, pamoja na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Waliazimia kwamba ubunifu utumie ustadi, malighafi na mila za wenyeji. Mwaka 1987 zamu ilikuwa ya wachoraji wa machapisho, nao walikutana hapa jirani, Nairobi.

Karibu zaidi nasi ni Maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 1999 huzunguka nchi za Jumuiya. Mwaka 2022 yalikuwa Kampala, 2023 Bujumbura, 2024 Juba. Kwa mtu wa Koboko, Juba ni karibu kuliko Kampala: anavuka Oraba, anapita Kaya na Yei, ingawa njia hiyo imekuwa na hofu zake kwa miaka mingi.

Faida yake ni nini? Seremala wa Arua anayefanya kazi peke yake hujua bei ya soko la Arua tu, na kiti chake hufanana na cha jirani. Kwenye maonyesho hukipindua kiti cha mwenzake, akatazama kiungo, akauliza gundi gani imetumika na ubao mmoja umetoa miguu mingapi. Picha ya simu huonyesha uso wa kiti. Chini yake haionyeshi.

Na mkataji wa nguo hali kadhalika. Akijifunza kupanga vipande vizuri juu ya kitambaa, mabaki hupungua. Kiwandani faida ya kitambaa kilichookolewa huingia mfukoni mwa tajiri. Basi mkataji apime mwenyewe ameokoa mita ngapi kwa mwezi, aziandike, na siku ya kuzungumzia mishahara awakilishi wetu wawe nazo mkononi. Hoja ya namna hii mwajiri huisikiliza kuliko kelele.

Tahadhari moja. Anayeonyesha umbo jipya hadharani huweza kuigwa kabla hajafika nyumbani. Uganda ina Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014, na maumbo huandikishwa katika ofisi ya usajili ya URSB. Andikisha kwanza, onyesha baadaye. Tena mjue kwamba umbo lililobuniwa katika kazi ya kuajiriwa kwa kawaida huwa la mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwa hiyo mkataba usomwe.

Kuhusu ruhusa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 mwaka 1974, juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Kenya iliuridhia 1979, Tanzania 1983. Sisi tudai kifungu chetu katika makubaliano ya kiwanda: siku zilipwe, nauli itolewe, na wafanyakazi wenyewe wamchague wa kwenda. Akirudi atoe taarifa mbele ya tawi, si mbele ya meneja peke yake. Na akina mama, ambao ni wengi kwenye cherehani, wasiachwe kwa kisingizio cha watoto.

Kabla ya mazungumzo ya mkataba mpya, matawi ya Arua na Koboko yamletee katibu maandishi: majina ya waliochaguliwa, nauli ya kwenda na kurudi, na nani atashika mashine ya kila mmoja akiwa safarini.