Je, Wajua? Alfajiri Ndiyo Saa ya Hatari Bwawani

Mimea inayowapa samaki wako oksijeni mchana huwanyang'anya usiku. Gizani, mimea na mwani huivuta oksijeni ileile. Ndiyo maana karibu na mapambazuko utawaona sato wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Umeme ukiwa haba, washa pampu ya hewa usiku, si mchana.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mizizi huigeuza kuwa naitreti, chakula cha mimea. Magugumaji huila kwa pupa, lakini huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Usiyapande! Yungiyungi ni bora: kivuli chake hupunguza mwani.

Ili kupima wingi wa mwani, zamisha mkono bwawani hadi kiwiko. Kiganja kikipotea mapema mno kwa ukijani wa maji, punguza chakula cha samaki.