Wajukuu wa ughaibuni wasiwe wageni kwa nyanya zao

Kila mwaka shule za Marekani zinapofungwa mwezi wa Juni, na zile za Uingereza mwishoni mwa Julai, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hushuhudia pilkapilka za aina yake. Jamaa hufika kutoka Nyeri, Kakamega, Kisii na kwingineko kwa matatu za kukodi, wengine wakiwa wamesafiri usiku kucha, ili kuwalaki ndugu zao waliohamia ughaibuni. Nyimbo huimbwa, picha zikapigwa, masanduku yakapakiwa. Kule mashambani nako, mbuzi huwa tayari kafungwa mtini akingoja siku yake.

Hii ni desturi njema na sina nia ya kuikejeli. Nauli ya mume, mke na watoto watatu kutoka Amerika si fedha za kuokotwa njiani. Wengi huziweka akiba kwa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kufunga safari. Fauka ya hayo, mchango wa Wakenya hawa kwa taifa haufichiki. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mwaka wa 2024 walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Kimarekani. Karo zimelipwa kwa fedha hizo, wagonjwa wakatibiwa na paa za mabati zikaezekwa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo fedha hizo haziwezi kulinunua, nalo ni mazungumzo baina ya nyanya na mjukuu wake.

Nilikuwa katika boma moja huko Murang'a wakati wa ziara kama hizi. Msichana wa miaka kumi na mmoja hivi, mzaliwa wa Amerika, alikuwa ameketishwa kando ya nyanya yake mzaa baba. Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya huyo, na ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yule. Wawili hao walikuwa na jina moja. Ajuza alimshika mkono, akauchunguza kidole kwa kidole, kisha akasimulia kisa kirefu ambacho kiliwafanya watu wazima waliokuwapo wacheke na kufuta machozi. Mtoto alitabasamu kwa adabu, macho yake yakimtafuta baba yake aliyekuwa nje na wageni.

Aliyemwokoa ni binamu yake wa darasa la sita, aliyejitolea kuwa mkalimani. Alijitahidi kadiri ya Kiingereza alichofundishwa, lakini kisa cha dakika tano kilimfikia mgeni kikiwa sentensi moja: nyanya anasema vidole vyako ni kama vya mama yake. Yaliyobaki, yaani mama huyo alikuwa nani, aliishi vipi na kwa nini kumbukumbu zake ziliwachekesha na kuwaliza watu kwa wakati mmoja, yalipotelea hewani.

Msomaji atauliza, je, kuna hasara gani mtoto akikosa kisa kimoja cha kikongwe? Nami nitamjibu kwamba lugha haibebi visa tu. Hubeba pia ramani ya ukoo. Mtoto anayejua Kiingereza pekee humwita anko kila mwanamume wa rika la baba yake. Kiswahili humwambia kwamba kaka ya baba ni ami, na kaka ya mama ni mjomba. Humwambia pia kwamba dada ya baba ni shangazi, ilhali dada ya mama ni halati. Aghalabu jamii zetu zina mpangilio kama huo, na si kwa mapambo. Mjomba ana nafasi yake katika mambo ya posa na harusi, ami naye ana yake katika mambo ya ardhi na matanga. Mtoto asiyekuwa na majina hayo huona umati wa watu wakarimu, lakini hajui ni nani anamhusu vipi.

Wapo wazazi wanaojitetea kwamba hawakuwa na budi. Hufanya kazi mbili, mchana na usiku, na watoto hulelewa na shule na runinga. Wengine waliambiwa na walimu wa huko kwamba lugha mbili zingemkanganya mtoto. Utetezi wa kwanza una uzito, na anayefahamu maisha ya ughaibuni hataudharau. Wa pili hauna mashiko. Wataalamu wa isimu wameonyesha kwamba mtoto anaweza kukua na lugha mbili au zaidi bila ya kudhurika. Hata hivyo, sisi Wakenya hatukuhitaji wataalamu watuambie hilo. Watoto wangapi wa Kisumu au Eldoret huzungumza lugha tatu kabla hawajabalehe?

Isitoshe, mifano ya jamii zilizohama bila ya kupoteza lugha tunayo papa hapa. Wahindi walianza kuletwa kujenga reli mwaka wa 1896, wakafuatwa na wafanyabiashara. Vitukuu na vilembwe wa waliobaki, ambao mwaka wa 2017 serikali iliwatambua kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya, wangali wanazungumza Kigujarati na Kipunjabi majumbani mwao, na Kiswahili na Kiingereza madukani. Vivyo hivyo, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihama Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964. Hadi leo Kiswahili husikika Muscat, wakati mwingine vinywani mwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga Unguja.

Lakini itakuwa dhuluma kuwalaumu walio mbali pekee. Yule binamu mkalimani aliniambia kwamba muhula uliotangulia alivishwa kibao shingoni shuleni kwao, kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama uwanjani. Lugha ile ile iliyomwaibisha mbele ya wenzake ndiyo iliyokuwa daraja la pekee baina ya nyanya na mjukuu wake. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu hii katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, akikumbuka shule za enzi ya mkoloni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayotumika mahali walipo, na Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha zetu zote. Kibao kingali kinaning'inizwa na nani, basi, kama si sisi walimu?

Na wala ughaibuni hauanzii ng'ambo ya bahari. Kuna watoto wa Nairobi ambao hufika kwa nyanya zao Desemba wakiwa wageni vile vile, ingawa safari yao ni ya saa saba kwa basi.

Nini kifanywe? Mzazi anayekuja apange safari yake imkute mwanawe na binamu zake wakiwa likizoni Agosti, maana anayekuja Juni huwakuta wenzake wako darasani kutwa. Watoto walale kijijini badala ya hotelini. Wachote maji, wachume majani chai na kuchambua maharagwe, kwani neno hukaa akilini pale linapofuatana na kazi ya mikono. Watakaporudi makwao, nyanya apigiwe simu kila Jumapili, na mtoto azungumze mwenyewe hata kama ana maneno kumi tu.

Wanafunzi nao wasiwaone binamu hawa kuwa fursa ya kujizoeza Kiingereza. Wawafundishe, na wasiwacheke wanapoteleza. Walimu wenzangu wavitupe vibao hivyo. Kiingereza kinaweza kufundishwa barabara bila ya kumwaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja bado anakunjika. Nyanya wa miaka themanini, kwa upande wake, hana likizo nyingi za kumngojea.