Nanga Katika Ghuba ya Chole: Starehe ya Msafiri na Uhai wa Matumbawe

Boti ya tanga inapovuka mlango wa Kinasi na kuingia Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, mawimbi hubaki nyuma ghafla. Visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, pamoja na miamba iliyo baina yao, huikinga ghuba hiyo dhidi ya Bahari ya Hindi. Ndiyo sababu wasafiri wanaozunguka bahari kwa boti zao hupenda kupumzika hapo kwa siku kadhaa, wakiogelea, wakizamia na kuzuru visiwa. Hata hivyo, mapumziko hayo huanza kwa uamuzi unaofanyika katika dakika chache tu: mahali nanga itakapoangukia.

Ghuba hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Msingi wake ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994. Ndani ya hifadhi wapo wanavijiji wanaoishi kwa uvuvi, na eneo limegawanywa ili baadhi ya sehemu zilindwe kikamilifu na nyingine zitumike kwa masharti. Kwa hiyo mgeni hatii nanga katika bahari isiyo na wenyewe.

Safari yenyewe hutawaliwa na pepo zilezile zilizoendesha majahazi. Boti zinazotoka kusini hupanda na kusi, na zinazoelekea kusini hushuka na kaskazi. Mgeni kutoka nje ya nchi hukamilisha kwanza taratibu za uhamiaji, forodha na afya katika bandari kubwa kama vile Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, kisha ndipo aelekee Mafia.

Mlango wa Kinasi unahitaji subira. Maji yanapokupwa hutoka ghubani kwa nguvu, na mkondo huo ukikutana na mawimbi yanayoingia kutoka baharini, mawimbi husimama wima na kuwa mafupi. Nahodha makini husubiri maji yanayojaa, jua likiwa juu au nyuma yake, ili rangi za maji zimwoneshe mwamba ulipo. Kuingia jioni jua likiwa machoni ni kujitafutia ajali.

Baada ya hapo huja hesabu ya mnyororo. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa inaweza kukaribia mita 4. Boti iliyotia nanga penye kina cha mita 6 wakati wa kupwa itajikuta juu ya mita 10 maji yakijaa. Kwa kuwa mabaharia wengi hutoa mnyororo wenye urefu mara tano ya kina kikubwa kinachotarajiwa, boti hiyo itahitaji takribani mita 50. Mkondo hugeuka kila baada ya saa sita hivi, boti nayo hugeuka, na sehemu ya mnyororo iliyolala chini huburutwa.

Palipo na mchanga, mburuto huo huacha alama inayofutika. Palipo na matumbawe, hali ni tofauti kabisa. Matumbawe ya matawi huweza kukua sentimita kadhaa kwa mwaka, lakini yale makubwa ya mviringo hukua sentimita moja au pungufu. Tumbawe lenye upana wa mita moja ni kazi ya miongo kadhaa, na mnyororo huweza kulivunja katika usiku mmoja. Miamba ya Mafia iliwahi kupata pigo mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na matumbawe mengi kupauka na kufa. Haihitaji pigo jingine la nanga.

Anayeumia si samaki peke yake. Wakati wa bamvua, maji yakikauka miambani, wanawake wa visiwani huenda kwa miguu kutafuta pweza. Mwamba uliogeuka kifusi hauna mapango ya pweza kujificha, na hasara hiyo huonekana jikoni kabla ya kuonekana katika taarifa yoyote. Nyasi bahari nazo, ambazo wageni wengi huzidhania kuwa magugu, ni malisho ya kasa.

Utaratibu unaofaa ni mwepesi: kufika ofisi ya hifadhi iliyopo Utende, kulipa ada, kuuliza sehemu zinazoruhusiwa, na kutumia boya la kufungia boti pale lilipo na linapofaa kwa uzito wa chombo. Pasipo na boya, nanga ishushwe kwenye mchanga mtupu, mbali na mwamba kiasi cha kuiruhusu boti kuzunguka duara zima bila kuugusa. Kisha mtu mmoja avae miwani ya kuogelea, ashuke na kuitazama nanga kwa macho yake kabla jua halijazama.

Inafaa kukumbuka kwamba nanga ndiyo iliyohamisha hata makao ya utawala wa kisiwa: mwaka 1913 Wajerumani waliondoka Chole na kwenda Kilindoni wakitafuta maegesho bora ya meli zao kubwa. Chole ilibaki na magofu, mibuyu na popo wakubwa ambao, giza linapoingia, huruka juu ya milingoti ya boti zilizolala ghubani kwenda kutafuta matunda.