Tiba ya Tundu la Sindano

Ndugu wafanyakazi wa Mpumudde, wa viwanda vya Jinja na wa mashamba ya miwa ya Kakira, neno "operesheni" huogopesha watu kwa mambo mawili. La kwanza ni kisu. La pili ni siku za kulala kitandani, maana kibarua asiyefika kazini hana malipo. Basi ipo tiba ya namna nyingine ambayo kila mwenye jamaa apaswa kuijua. Daktari hapasui ili aone. Anaona kwa picha ya eksirei, ya skani au ya ultrasaundi. Huchoma sindano, hupitisha mpira mwembamba mpaka penye ugonjwa, hufanya kazi yake, kisha hutoka. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, amechomwa ganzi tu mahali pale. Jeraha linalobaki latosha kufunikwa kwa plasta.

Fundi wa mitambo ataielewa upesi kuliko karani. Mwaka 1953 daktari Msweden, Sven-Ivar Seldinger, alionyesha njia rahisi ajabu: choma sindano ndani ya mshipa, pitisha waya laini katika sindano, chomoa sindano uache waya, kisha telezesha mpira juu ya waya. Mpaka leo kazi hii yote imesimama juu ya hatua hizo.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Januari 1964, katika mji wa Portland, Marekani, mama mmoja mwenye miaka 82 alikuwa na vidole vya mguu vilivyoanza kuoza kwa kukosa damu. Madaktari walitaka kumkata mguu. Mama akakataa katakata. Daktari Charles Dotter akapitisha mipira kwenye mshipa wa paja, mwembamba kwanza, kisha mnene zaidi, akapanua pale palipoziba. Mguu ukapata joto. Mama yule alitembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki miaka ipatayo miwili na nusu baadaye. Dotter alipenda kuchora bomba na spana kuwa alama ya kazi yake, na husimuliwa kwamba alitengeneza vifaa vyake vya mwanzo hata kwa nyuzi za gitaa. Mtu wa karakana hasa!

Je, sisi wa Afrika Mashariki? Kwa miaka mingi tiba hii ilikuwa ya wenye uwezo wa kupanda ndege. Tanzania, nchi ya watu karibu milioni 60, haikuwa na mahali pa kumfundisha daktari kazi hii. Mwaka 2018 timu za walimu kutoka ng'ambo zilianza kufika kwa zamu katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha masomo ya shahada ya pili katika fani hiyo. Jambo la kusifiwa ni kwamba hawakuanza na makubwa. Walianza na yale yanayoua watu kila wiki: kutoa usaha ulio ndani ya tumbo, kufungua njia ya nyongo, kutia mpira kwenye figo lililoziba kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi, kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe. Kazi nyingi za namna hiyo zinawezekana kwa ultrasaundi, sindano na waya. Ugumu ni vifaa: waya na mipira hutoka nje kwa fedha za kigeni, tena vingi hutumika mara moja na kutupwa.

Kwa mama zetu kuna jambo la pekee. Uvimbe wa kizazi unaoleta damu nyingi kila mwezi unaweza kutibiwa kwa kuziba mishipa inayoulisha, na kizazi kikabaki. Si kila uvimbe unafaa, na anayetaka kuzaa bado azungumze na daktari kwanza. Lakini aulize kabla ya kukubali kutolewa kizazi.

Na aliyebanwa na mashine au kuangukiwa na mzigo, akavuja damu ndani ya nyonga au wengu, mara nyingine huweza kuzibwa mshipa bila kupasuliwa. Hapa saa ni uhai, na kutoka Jinja mpaka Kampala ni kama kilomita 80. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe gharama za haki za matibabu ya aliyeumia kazini. Kwa hiyo ajali iandikwe siku ile ile, na karatasi za hospitali zitunzwe.

Tusiwasahau wenzetu wa chumba cha eksirei, nao ni wafanyakazi. Mgonjwa hupata miale siku moja. Wao huipata kila siku. Wanahitaji aproni ya risasi, kinga ya shingo, na beji ya kupima miale kifuani, na beji hiyo isomwe kwa wakati wake, isikae sandukuni.