Maji Yakipwa: Maneno ya Kiingereza ya Kupungua na Kuondoka

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na sentensi ya Kiingereza inayoeleza kwamba jambo fulani linaondoka, linafifia au linashuka hadhi, mara nyingi kalamu yake hukimbilia neno moja kati ya mawili, kupungua au kudorora, na msomaji huambiwa kuwa kitu kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuwa bila kuelezwa kimepunguaje, kwa mkono wa nani, na kama kuna matumaini ya kurudi kilipokuwa. Kiingereza kina maneno mengi ya aina hii, na wingi huo si wa urembo tu, kwani kila neno lilizaliwa mahali pake, mengine ufukweni, mengine kambini, mengine kwenye ulingo wa ngumi au ndani ya mgodi, na hata leo linapotumika kueleza bei za soko au umaarufu wa mwanasiasa, bado limebeba tabia ya mahali lilipotoka.

Lililo karibu zaidi na msemaji wa Kiswahili ni “ebb”, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kupwa kwa maji ya bahari. Ukaribu huo unatokana na lugha yenyewe, kwa kuwa jina pwani limejengwa juu ya mzizi wa kupwa, yaani mahali ambapo maji hupwa na kuuacha mchanga wazi. Katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, wanawake wanaolima mwani huyafuata maji yanapopwa, hasa siku za bamvua, ambazo huangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu na ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti, kisha hutoka kabla bahari haijarudi, kwa kuwa kati ya kujaa na kupwa hupita muda wa saa sita na dakika chache tu. Mtu aliyezoea mwendo huo huelewa mara moja kinachodokezwa na Mwingereza anaposema kuwa uhusiano wa nchi mbili uko “at a low ebb”: maji yamepwa mpaka mwisho, lakini ni maji yaleyale yatakayojaa tena. Kuandika kwamba uhusiano huo umezorota ni kusema kweli nusu, kwa sababu neno la bahari lina ahadi ndani yake na kuzorota hakuna.

Ahadi ya namna hiyo imo pia katika “wane”, neno la mwezi, ambalo kwa asili lilimaanisha kupunguka au kukosa, na ambalo leo hutumika kwa mwezi unaokwenda ukikatwa kidogo kidogo baada ya kuwa mpevu, kisha kwa nguvu za mfalme, hamu ya mashabiki au homa ya mgonjwa. Maana ya kale ya kukosa imehifadhiwa vizuri zaidi na wapasuaji wa mbao, ambao huliita kwa jina hilo pengo linaloachwa kwenye ukingo wa ubao uliopasuliwa karibu na ganda la gogo, pale ambapo kona ilipaswa kuwa kali lakini imekuja na mviringo wa mti au bado imeshika maganda. Anayeuona ubao kama huo ameiona maana ya “wane” kwa macho yake: kitu hakikuvunjwa, ila hakikutimia.

Hata hivyo mwandishi hodari anaweza kulichukua neno la bahari na kulinyima marejeo yake. Matthew Arnold, katika shairi lake “Dover Beach” lililochapishwa mwaka 1867, aliilinganisha imani ya dini na bahari ambayo zamani ilijaa pande zote za dunia na sasa inarudi nyuma, wala hakusema kama itajaa tena, na uchungu wa shairi hilo unatokana na kimya hicho, kwa kuwa msomaji anayejua desturi ya maji anangoja kitu ambacho mshairi hakumpa.

Tofauti na maneno hayo ya mzunguko, “decline” ni neno la mteremko. Lilifika Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka Kilatini, ambako lilimaanisha kuinama na kuelekea kando, na kutokana na maana hiyo moja yalichipuka matumizi ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayana udugu. Anayekataa mwaliko kwa adabu hutumia “decline”, kwa kuwa ameinama pembeni na kuupisha mwaliko badala ya kuusukuma. Wanasarufi wa Kilatini walitumia neno hilohilo kwa mabadiliko ya miisho ya nomino, wakiona kwamba umbo la kwanza limesimama wima na mengine yameinama kutoka kwake. Na Waingereza wa karne ya 18 na ya 19 walisema mtu yuko “in a decline” alipokuwa akikondeshwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa. Edward Gibbon alipoandika historia ya dola ya Kirumi katika juzuu 6, ya kwanza ikitoka mwaka 1776 na za mwisho mwaka 1788, aliweka katika jina la kitabu maneno mawili, “decline” na “fall”, na mpangilio huo una uzito wake, kwa sababu la kwanza ni kuinama kwa karne nyingi na la pili ni kuanguka kwenyewe. Tafsiri inayoyaunganisha yote mawili katika anguko moja humnyang'anya Gibbon hoja yake, kwamba jengo liliinama muda mrefu kabla ya kulala chini.

Maneno ya vita nayo hutofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni nani aliyeamua. “Retreat” ni kurudi nyuma, kwa kawaida kwa kushindwa au kuelemewa, na msemo “beat a retreat” unatokana na ngoma ambazo zilipigwa kuwaamuru askari warudi, maana sauti ya mtu isingesikika katikati ya mizinga. Gwaride lenye jina hilo bado hufanywa London. “Withdraw” ni kuvuta kutoka mahali, na sehemu yake ya kwanza, “with”, ambayo leo humaanisha pamoja na, zamani ilimaanisha dhidi ya au mbali na. Ndiyo maana serikali hupenda kutangaza kuwa majeshi yake yameondolewa na ya adui yamerudi nyuma, ingawa barabara waliyopita ni moja. Katika ngumi hakuna mficho wa namna hiyo, kwani taulo likirushwa ulingoni na msaidizi wa bondia, kila mtu ameona; na “peter out”, msemo ulioenea kwa wachimbaji wa madini wa Marekani katika karne ya 19, hauna mwamuzi kabisa, kwa kuwa mshipa wa dhahabu huwa mwembamba, kisha mwembamba zaidi, kisha ni jiwe tupu.

Linabaki “fade”, ambalo asili yake ni kupoteza rangi na ladha, na ambalo Kiswahili kina neno la kulitosha: kupauka, kama inavyopauka khanga iliyoanikwa juani miezi mingi, bila siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo iliyoiharibu. Jenerali Douglas MacArthur alilitumia neno hilo tarehe 19 Aprili 1951 mbele ya Bunge la Marekani, akieleza kuondoka kwake jeshini kwa maneno ya wimbo wa kambini kuhusu askari wazee, siku nane tu baada ya Rais Truman kumfukuza kazi. Neno lilimfaa mno, kwa sababu kupauka hakuna anayekufanya, na mkono uliomwondoa ulifichika nyuma ya jua. Mfasiri wa hotuba hiyo atavutwa na kung'atuka, neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere aliliingiza katika Kiswahili cha siasa alipoacha urais mwaka 1985, lakini itambidi aliache, maana anayeng'atuka huinuka mwenyewe kutoka kwenye kiti.