Hofu inapofyatua risasi: Sheria inasemaje kuhusu kujihami?

Na Mwandishi Wetu, Miteja

SHERIA ya Tanzania inamruhusu mtu kujihami anapovamiwa, na katika mazingira fulani haimhukumu hata kama nguvu aliyotumia imesababisha kifo. Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka. Mpaka ulio mgumu kuliko yote kuuona ni ule unaotenganisha hofu iliyotokana na kitendo cha marehemu na hofu iliyotokana na rangi, kabila au mavazi yake.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa maeneo kama kata ya Miteja, wilayani Kilwa. Katika ukanda huu wa pwani ya Lindi, mkulima wa ufuta au muhogo hulazimika kukesha shambani akilinda mazao yake dhidi ya nguruwe pori. Aidha, tangu operesheni ya mwaka 2006 na 2007 ya kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, Mkoa wa Lindi ulipokea mifugo mingi na watu wenye lugha na mila zilizo ngeni kwa wenyeji. Mkulima na mfugaji ambao hawakuwa wakijuana wakajikuta wakigawana maji na ardhi.

Katika mazingira hayo, kivuli kinachopita shambani usiku wa manane kinaweza kuwa cha mnyama, cha mwizi, au cha mpita njia aliyepotea. Anayeshika gobore ana sekunde chache tu za kuamua. Mahakama itakuwa na miezi, pengine miaka, ya kuuchambua uamuzi wake.

Risasi mbili Soysambu

Katika Afrika Mashariki, kesi iliyolifikisha suala hili mbele ya umma kuliko nyingine ni ya Thomas Cholmondeley wa Kenya. Alikuwa kitukuu cha Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu walioingia nchini humo mwanzoni mwa karne ya 20, na mrithi wa shamba la Soysambu, lililo kando ya Ziwa Elmenteita katika Bonde la Ufa. Shamba hilo lina ukubwa wa ekari zinazokaribia 50,000.

Aprili 19, 2005, maofisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) walifika shambani hapo wakiwa wamevaa kiraia, kuchunguza tuhuma za biashara haramu ya nyamapori. Cholmondeley alimpiga risasi mmoja wao, Samson ole Sisina, aliyekuwa Mmaasai, na kumuua. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliamini watu hao ni majambazi waliowavamia wafanyakazi wake.

Alishtakiwa kwa mauaji, lakini Mei mwaka huo aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Amos Wako, aliifuta kesi hiyo kabla ushahidi haujasikilizwa. Wamaasai waliandamana. Kwao, jambo hilo halikuhusu mtu mmoja peke yake, kwa kuwa ni mkataba wa mwaka 1904 uliowaondoa babu zao katika malisho ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi.

Haukupita muda mrefu. Mei 10, 2006, katika shamba lile lile, Cholmondeley alikutana na kundi la watu waliokuwa na mbwa na mzoga wa mnyama. Alifyatua risasi, na Robert Njoya, mwashi aliyeishi jirani na shamba hilo, akafariki dunia. Safari hii mshtakiwa alidai kuwa aliwalenga mbwa, wala hakukusudia kumpiga mtu.

Pande mbili za mjadala

Kifo hicho cha pili kiliigawa Kenya. Wapo waliohoji iwapo Mwafrika aliyempiga risasi mtumishi wa Serikali angeachiwa na kurudi nyumbani na haki ya kumiliki bunduki. Waliona kwamba neno "jambazi" limekuwa jina la kila mtu mweusi anayeonekana katika ardhi ya Mzungu.

Wengine walikumbusha kuwa hofu ya wakazi wa eneo hilo haikuwa ya kubuni. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umeshamiri katika Bonde la Ufa. Januari 2006, miezi michache kabla ya kifo cha Njoya, mtayarishaji maarufu wa filamu za wanyamapori, Joan Root, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Naivasha. Kwa mtazamo huo, mwenye shamba aliyesubiri kuuliza maswali angeweza kuwa maiti.

Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Hofu inaweza kuwa ya kweli kabisa moyoni mwa mwenye bunduki, na bado ikawa imemwangukia mtu asiye na hatia kwa sababu tu anafanana na picha iliyo akilini mwake.

Mahakama ilivyopima

Kesi ya pili ilianza kusikilizwa Septemba 2006 mbele ya Jaji Muga Apondi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi. Mshtakiwa alikaa rumande katika gereza la Kamiti kwa takriban miaka mitatu. Mei 7, 2009, Jaji alimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, badala ya mauaji ya kukusudia, baada ya kuona kuwa dhamira ya kuua haikuthibitishwa. Alizingatia pia kwamba mshtakiwa alimsaidia majeruhi baada ya tukio.

Wiki moja baadaye alihukumiwa kifungo cha miezi minane, juu ya muda aliokwisha kukaa mahabusu. Alitoka gerezani Oktoba 2009, na akafariki dunia jijini Nairobi Agosti 2016.

Wengi waliiona adhabu hiyo kuwa ndogo mno. Baadhi walikumbuka kisa cha Peter Poole, Mzungu aliyenyongwa mjini Nairobi Agosti 1960, wakati wa ukoloni, kwa kumuua kwa risasi mtumishi wa Kiafrika, Kamawe Musunge, baada ya ugomvi uliohusu mbwa. Wakauliza iweje mahakama ya mkoloni iwe kali kuliko ya nchi huru.

Lakini ipo tofauti kubwa zaidi kuliko ya adhabu. Katika kifo cha Njoya, mashahidi waliapishwa, bunduki ilichunguzwa, na mshtakiwa aliulizwa maswali mbele ya umma. Katika kifo cha Sisina, hakuna lililopimwa mahakamani. Iwapo hofu ya Cholmondeley siku ile ilikuwa na msingi au la, uamuzi ulifanyika ofisini. Ndiyo maana kesi ya kwanza iliacha uchungu ambao hata hukumu ya pili haikuufuta.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilibadilisha utaratibu. Mamlaka ya mashtaka yalihamishwa kutoka kwa Mwanasheria Mkuu kwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka aliye huru, naye hawezi kuifuta kesi bila ruhusa ya mahakama.

Si Afrika Mashariki pekee

Marekani nayo ilipita njia hiyo. Februari 26, 2012, katika mji wa Sanford, Florida, George Zimmerman, mlinzi wa kujitolea wa mtaa, alimpiga risasi kijana mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, ambaye hakuwa na silaha. Zimmerman alimtilia shaka, akamfuata, na baadaye akadai kuwa alijihami baada ya kushambuliwa. Hakukamatwa na kushtakiwa hadi Aprili, baada ya maandamano makubwa. Julai 13, 2013, jopo la raia sita lilimwona hana hatia.

Sheria ya Florida, tangu mwaka 2005, haimlazimishi mtu kurudi nyuma anapotishiwa mahali anapostahili kuwapo. Wakosoaji wake husema inampa nafasi kubwa mwenye silaha kuhukumu kwa macho. Somo hilo linawahusu pia Watanzania wanaoshiriki sungusungu na ulinzi shirikishi, kwani mlinzi wa mtaa hufanya kazi yake kwa kushuku.

Maswali manne

Nchini Tanzania, Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Wakati wa kupima utetezi huo, maswali makuu huwa manne: Je, palikuwa na shambulio, au sababu ya msingi ya kuamini kuwa lipo? Je, hatari ilikuwa ya papo hapo? Je, nguvu iliyotumika ililingana nayo? Na je, hatari ilikuwa bado ipo, au mtu alikuwa amekwisha kugeuka akikimbia?

Sheria haimdai mtu aliye hatarini apime kila pigo kwa mizani. Hata hivyo, inaeleza kuwa anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyopita kiasi katika kujihami atakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha. Nguvu ya kuua inahusishwa na hali nzito, zikiwamo hofu ya msingi ya kifo au madhara makubwa mwilini, ubakaji, utekaji, unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba usiku.

Kwa mkulima, maana yake ni nyepesi kueleweka. Ng'ombe kuingia katika ufuta ni hasara, na hasara hiyo ina njia zake za kudai fidia, lakini peke yake haitishii uhai wa mtu. Mfugaji anayewafuata ng'ombe wake akiwa na fimbo, kama ilivyo desturi yake, hajawa mshambuliaji kwa sababu ya fimbo hiyo. Vivyo hivyo, mkulima mwenye panga shambani kwake hajawa adui wa mfugaji.

Palipo na swali la kwanza kati ya yale manne ndipo ubaguzi hujificha. Mshtakiwa akisema "niliogopa", lazima aulizwe aliogopa nini: mkono ulioinuliwa, silaha iliyoelekezwa kwake, mlango unaovunjwa, au lafudhi na shuka la mtu asiyemfahamu? Yale matatu ya kwanza ni vitendo, na mahakama inaweza kuvipima. La mwisho ni shaka tupu.

Swali hilo halina budi kuulizwa mahakamani, mbele ya ndugu wa marehemu na wa mshtakiwa. Likiulizwa na kujibiwa faraghani, upande mmoja utaamini kuwa damu yake haina thamani. Katika vijiji ambako wakulima na wafugaji wanachota maji kisima kimoja, imani ya namna hiyo huzaa kisasi.